Namba 4,294,967,297: kilichoificha na kilichoifichua

Mabibi na mabwana, walimu, wanafunzi, na wote mnaopenda hesabu,

Leo tuna namba moja tu mezani: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Kwa tarakimu ni 4,294,967,297. Tuiite N ili tusichoshane. Shikeni kalamu na karatasi, kwa sababu karibu kila nitakachokisema mnaweza kukihakiki kwa mkono.

N inapatikana hivi. Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe: 4. Mara 4 kwa 4: 16. Halafu 256. Halafu 65,536. Halafu 65,536 mara 65,536, ambayo ni 4,294,967,296, yaani 2³². Ongeza 1, umefika. Na kama ungeongeza 1 katika kila kituo cha njiani, tangu ile 2 ya mwanzo, ungepata mfululizo huu: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha N. Ukizigawanya zile tano za kwanza kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili, hakuna hata moja inayogawanyika. Zote tano ni tasa. Swali lililozaliwa hapo ni la wazi: je, na ya sita ni tasa?

Pierre de Fermat, aliyekuwa ofisa wa mahakama mjini Toulouse, Ufaransa, aliwaandikia wenzake mwaka 1640 kwamba anaamini mfululizo wote ni wa namba tasa. Alikiri kwamba uthibitisho hana. Tarehe 1 Desemba 1729 Christian Goldbach aliligusia jambo hilo katika barua yake kwa Leonhard Euler, na mwaka 1732, huko St. Petersburg, Euler akatoa jibu:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Hakikini. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 41 ni 274,717,097. Jumlisheni. Hakuna zaidi ya hapo cha kubishania, lakini jibu hilo linaficha mambo mengi kuliko linavyoyaonyesha, na ndiyo sababu namba moja inatosha hotuba nzima.

Shikeni sentensi hii tangu sasa: 2³² ikigawanywa kwa N, inapungukiwa 1 tu ili igawanyike. Kwa lugha ya mabaki, 2³² inaacha −1. Hilo ni dhahiri mno, maana N ni 2³² + 1. Lakini ni ukweli huohuo ulioifanya N ionekane tasa kwa kila aliyeipima kwa 2, na ni huohuo uliotoa njia ya kuipasua kwa kugawanya mara moja tu. Nitaanza na kupasua.

Njia ya kawaida ni kugawanya kwa namba tasa moja baada ya nyingine mpaka kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 65,536 na chembe. Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Ukizitazama zote kwa pamoja utakata tamaa. Lakini 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu kuanzia 2, kwa hiyo hata mtu asiye na maarifa yoyote zaidi ya kugawanya angefika baada ya migawanyo 116. Tukubaliane kwamba hiyo si kazi ya mwaka mzima. Ajabu ni kwamba miaka 92 ilipita kati ya dai la Fermat na jibu la Euler.

Sasa tupunguze ile 116. Chukua namba tasa yoyote p inayoigawanya N. Kwa kuwa 2³² inaacha −1 kwa N, inaacha −1 kwa p pia. Zidisha kwa yenyewe: 2⁶⁴ inaacha 1. Maana yake ni kwamba ukiendelea kuzidisha kwa 2 na kuandika mabaki tu, unarudi kwenye 1 baada ya hatua 64. Je, inawezekana ulirudi mapema zaidi? Hapana. Mzunguko wowote mfupi zaidi ungekuwa na urefu unaoigawanya 64, yaani 1, 2, 4, 8, 16 au 32, na hizo zote zinaigawanya 32. Basi 2³² ingeacha 1, wakati tunajua inaacha −1. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 64 kamili. Na kanuni ya Fermat mwenyewe, aliyoieleza katika barua ya Oktoba 1640, inasema kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 inaacha 1. Kwa hiyo 64 lazima iigawanye p − 1. Kila kigawo tasa cha N ni kizidishio cha 64 ukiongeza 1.

Hii ndiyo kanuni ya Euler. Inatuachia namba tasa hizi za kujaribu: 193, 257, 449, 577, 641. Zilizo kati yao, kama 65, 129, 321, 385 na 513, si tasa, zirukeni.

Hapa wanafunzi wengi hukosea kwa kuigawanya N nzima kwa mkono, tarakimu kumi, mara tano. Hakuna haja. Pandeni ngazi ileile ya kuzidisha namba kwa yenyewe, lakini kila hatua mbaki na baki tu. Kwa 193: 256 inaacha 63, 63 mara 63 ni 3,969, inaacha 109, 109 mara 109 ni 11,881, inaacha 108. Hilo ndilo baki la 2³². Ongeza 1, N inaacha 109. (Kwamba 109 imejitokeza mara mbili ni sadfa, msiitafutie maana.) Kwa 449: 65,536 inaacha 431, na badala ya kuzidisha 431 kwa 431, andika −18, kwa sababu 431 ni 449 kasoro 18. Mraba wake ni 324, na N inaacha 325. Kwa 577 N inaacha 288. Kwa 641: 65,536 inaacha 154, 154 mara 154 ni 23,716, na 641 mara 37 ni 23,717. Imepungua 1. Basi 2³² inaacha −1, na N inagawanyika bila kubakiza kitu. Hesabu yote imeenea kwenye nusu ukurasa.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana kanuni hiyo mara mbili zaidi: si 64 bali 128. Uthibitisho unaotolewa mara nyingi hupitia nadharia ya mabaki ya miraba, lakini kwa N tunaweza kuufanya kwa mfano wa wazi. Chukua 256 × 65,535, yaani 16,776,960. Uizidishe kwa yenyewe. Unapata 65,534 × N, na inabaki 2 kamili. Kwa hiyo 16,776,960 ni kipeuo cha pili cha 2 katika ulimwengu wa mabaki ya N. Ikiwa 2 ina mzunguko wa hatua 64, basi kipeuo chake kina mzunguko wa hatua 128, na p − 1 lazima igawanyike kwa 128.

Tazameni sasa orodha ilivyokonda: 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza ni 3 × 43. Ya tatu ni 5 × 7 × 11. Ya nne ni 27 × 19. Hizo si tasa. 257 ni tasa, lakini imo ndani ya mfululizo wetu, na mfululizo huu una tabia nzuri sana: zidisha zote tano za kwanza, 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, unapata 4,294,967,295, ambayo ni N − 2. Kwa hiyo N ikigawanywa kwa yoyote kati ya hizo tano inabaki 2. Tunaiondoa 257 bila hata kuigusa. Namba ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 641, nayo inakubali. Migawanyo 6,542, kisha 116, kisha 5, kisha 1.

Kuna uthibitisho mfupi zaidi kwa wale wanaoshajua jibu. Namba 641 ina sura mbili: ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sura ya kwanza inasema 5 × 2⁷ inaacha −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inaacha 1. Sura ya pili inasema 5⁴ inaacha sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inaacha 1. Basi 2³² inaacha −1. Mistari minne, hakuna mgawanyo hata mmoja. Kasoro yake ni kwamba haikwambii 641 ilitoka wapi. Inafaa kushawishi, haifai kutafuta. Ila ina zawadi ndogo pembeni: kwa kuwa 5⁸ na 2⁸ zinaacha baki moja kwa 641, 10⁸ inaacha sawa na 2¹⁶, ambayo ni ile 154, na 10¹⁶ inaacha −1. Ndiyo maana desimali za 1/641 zinajirudia kila baada ya tarakimu 32.

Kazi haijaisha. Mtu akikuambia N = 641 × 6,700,417, muulize kama 6,700,417 nayo ni tasa. Hapa watu wengi hunyamaza, au hutoa kauli bila kupima. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kitu. Kigawo chochote cha namba hii ni kigawo cha N pia, kwa hiyo lazima kitii kanuni ya 128. Kuanzia 641 hadi 2,588, namba za aina hiyo zilizo tasa ni nne tu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Tunaijumuisha 641 tena kwa sababu kigawo kinaweza kuingia mara mbili. Gawanyeni: mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, imethibitishwa kwa migawanyo minne. Na kweli inatii kanuni: ni 128 × 52,347 + 1, na 52,347 ni 3 × 17,449.

Baada ya hapo mengine yanafuata bila jasho. N ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Namba kati ya 1 na N zisizoshirikiana nayo kigawo chochote isipokuwa 1 ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240.

Tugeukie upande wa pili: kilichoificha. Jaribio la haraka kuliko yote la kupima utasa ni hilihili la Fermat. Chagua namba, tuiite msingi, tuseme 2, uipandishe kipeo cha N − 1, ugawanye kwa N. Baki lisipokuwa 1, N si tasa. Likiwa 1, N inashukiwa kuwa tasa. Kwa N yetu, N − 1 ni 2³², na 64 inaigawanya vizuri kabisa. Kwa kuwa 2⁶⁴ inaacha 1, na 2 kwa kipeo cha N − 1 inaacha 1. Jaribio linapita, na N si tasa!

Wapo watakaosema tutumie jaribio kali zaidi, lile la Miller na Rabin, linalokagua pia njia iliyopitiwa kuelekea 1. Kwa msingi wa 2, njia hiyo ni 2, 4, 16, 256, 65,536, kisha −1. Jaribio kali linaridhika mara tu likiona −1. N inapita tena. Na si N peke yake: kila namba ya mfululizo huu, iwe tasa au isiwe, itapita jaribio la msingi wa 2, kwa sababu imejengwa kwa vipeo vya 2. Kumwuliza 2 kuhusu N ni kumwuliza mzazi kuhusu mwanawe.

Misingi mingine haina upendeleo huo. Tuhesabu ni mingapi inayodanganya. Msingi unaopita jaribio la Fermat ni ule ambao mzunguko wake unaigawanya 2³², yaani urefu wake ni kipeo cha 2. Kwa upande wa 641, ambapo 640 ni 128 × 5, mabaki ya namna hiyo ni 128. Kwa upande wa 6,700,417, ambapo 6,700,416 ni 128 × 52,347 na 52,347 ni witiri, ni 128 pia. Zidisha: misingi 16,384. Ukiilinganisha na ile 4,288,266,240 ni msingi mmoja katika kila 261,735. Kwa jaribio kali waongo wanashuka hadi 5,462. Ukichagua msingi kwa kubahatisha, uwezekano wa kudanganywa ni mdogo sana. Ukichagua 2 kwa sababu ndiyo rahisi, unadanganywa kwa uhakika. Kosa hili linafanyika mpaka leo katika programu zinazopima utasa kwa msingi mmoja uliowekwa mapema.

Jaribio linalofaa kwa mfululizo huu alilitoa Théophile Pépin mwaka 1877. Kwa msingi wake tutumie 3. Pandisha 3 kwa kipeo cha nusu ya N − 1, yaani 2³¹. Ikiacha −1, N ni tasa. Isipoacha −1, si tasa. Jibu ni la mwisho pande zote mbili, halina shaka. Kazi yake ni kuizidisha 3 kwa yenyewe mara 31 na kubaki na mabaki. Nne za kwanza ni nyepesi: 9, 81, 6,561, 43,046,721. Ya tano ni 1,853,020,188,851,841 na sasa tunahitaji kupunguza.

Hapa ndipo sura ya N inapokuwa rafiki. Usigawanye kwa N. Gawanya kwa 2³², ambayo kwa kompyuta ni kukata tu biti 32 za mwisho. Sehemu ya juu ni 431,439. Sehemu ya chini ni 3,793,632,897. Kwa kuwa 2³² inaacha −1, sehemu ya juu inageuka kuwa hasi. Kwa hiyo baki ni chini kutoa juu: 3,793,632,897 − 431,439 = 3,793,201,458. Ikitokea jibu ni hasi, ongeza N mara moja. Kutoa, na pengine kujumlisha, kugawanya hakuna. Endelea hivyo hadi hatua ya 31, utafika 10,324,303. Ingekuwa tasa tungeona 4,294,967,296. Zidisha mara moja zaidi: 3,029,026,160, ambapo kanuni ya Fermat ingedai 1. Yaani Fermat alikuwa na silaha ya kulivunja dai lake mwenyewe mwaka uleule wa 1640. Alihitaji msingi wa 3 na kuzidisha namba kwa yenyewe mara 32. Jaribio hili lina kasoro moja: linakwambia kwamba N si tasa, lakini halitoi kigawo hata kimoja. 641 haionekani popote katika 10,324,303.

Kwa mtakaoandika programu ya kuhakiki haya, N imekaa mahali pa hatari. Namba kamili ya biti 32 isiyo na alama inaishia 4,294,967,295. Ukiiweka N humo, inageuka kuwa 1, na programu itakutangazia matokeo ya ajabu bila kulalamika. Tumieni biti 64. Lakini hata humo kuna shimo moja: baki kubwa kuliko yote ni N − 1, na mraba wake ni 2⁶⁴, ambao unazidi uwezo wa biti 64 kwa 1 tu. Unageuka sifuri. Mabaki mengine yote yanaenea. Bahati mbaya, N − 1 ndilo baki ambalo jaribio la Pépin linalisubiri kwa hamu, na katika msingi wa 2 linatokea kweli. Kama lugha yenu inatumia biti 64 zenye alama ya chanya na hasi, mpaka unashuka: baki likizidi 3,037,000,499, mraba wake unafurika. Na kama lugha inahifadhi kila namba kwa mfumo wa nukta inayoelea, usahihi wa namba kamili unaishia 2⁵³, kwa hiyo baki likizidi 94,906,265, tarakimu za mwisho za mraba huanza kupotea kimyakimya. Hitilafu hii ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jibu linabaki na sura ya jibu.

Njia za kupasua nazo zina mitego. Fermat alikuwa na mbinu yake ya kuandika namba witiri kama tofauti ya miraba miwili. Mtu anaanza na namba iliyo juu tu ya kipeuo cha pili, hapa 65,537, anapanda moja moja mpaka mraba wake ukiondolewa N ubaki mraba kamili. Inafaa vigawo vikiwa karibu karibu. Vya N viko mbali: nusu ya jumla yao ni 3,350,529, kwa hiyo angehitaji kujaribu namba 3,284,993. Bora kugawanya mara 116.

Mbinu ya Pollard inayoitwa p − 1 inafaa sana hapa, kwa sababu 640 imejengwa kwa vigawo vidogo. Pandisha msingi kwa kipeo cha 640, toa 1, tafuta kigawo kikubwa cha shirika na N. Ukianza na msingi wa 3 unapata 641 papo hapo. Ukianza na 2, na vitabu vingi huanza na 2, unapata N yenyewe. Sababu mnaijua tayari: 2 ina mzunguko wa hatua 64 kwa vigawo vyote viwili, kwa hiyo vyote viwili vinanaswa kwa pamoja na hakuna kilichotengana.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya miraba miwili. Namba tasa inayoacha 1 ikigawanywa kwa 4 inaandikika kama jumla ya miraba miwili kwa namna moja tu. N inaandikika waziwazi: 65,536² + 1². Namna ya pili ikipatikana, utasa umekwisha. Nayo ipo: 62,264² + 20,449². Ya kwanza kati ya miraba hiyo ni 3,876,805,696, ya pili 418,161,601, na jumla yao ni N.

Euler alionyesha jinsi ya kugeuza namna mbili kuwa vigawo. Chukua 65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Kisha 65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450; kigawo chao kikubwa cha shirika ni 50. Chukua nusu ya 8 na nusu ya 50, yaani 4 na 25: 4² + 25² = 16 + 625 = 641. Kigawo cha pili kinatoka kwenye 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556: 409² + 2,556² = 167,281 + 6,533,136 = 6,700,417. Rudini nyuma mkitaka kuona mashine ilivyofanya kazi: 25 × 2,556 + 4 × 409 = 65,536, na 25 × 409 − 4 × 2,556 = 10,225 − 10,224 = 1. Geuza alama za kujumlisha na kutoa, unapata 62,264 na 20,449. Ugumu ni kuipata hiyo namna ya pili. Bila kujua vigawo, utafutaji wake ni mrefu.

Jiometri nayo ina neno. Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796 kwamba umbo la pande 17 sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake, na mwaka 1801 akachapisha kanuni: umbo la pande sawa linachoreka ikiwa idadi ya pande ni kipeo cha 2 kilichozidishwa kwa namba tasa tofauti za mfululizo huu. Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba mengine hayachoreki. Tasa zinazojulikana katika mfululizo ni zile tano, na maumbo ya pande witiri yanayotokana nazo ni 31. Kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295, yaani N − 2. Umbo la pande N − 1 nalo linachoreka kinadharia: anza na mraba, gawa kila pembe ya katikati kwa mbili, rudia mara 30. Lakini umbo la pande N halichoreki, kwa sababu ukiunganisha kila kona ya 6,700,417 unapata umbo la pande 641, na 641 ni tasa isiyomo katika mfululizo huu.  Fermat angekuwa sahihi, jirani huyu wa tatu angechoreka pamoja na wenzake.

Tangu N, kila namba ya mfululizo iliyowahi kuamuliwa imekutwa si tasa, kuanzia hii ya 2³² + 1 hadi ile ambayo kipeo chake ni 2 kwa kipeo cha 32. Anayetaka mazoezi achukue inayofuata mara moja baada ya N: 18,446,744,073,709,551,617. Kanuni ya Lucas hapo inapanda hadi 256, na kigawo kidogo ni 274,177, alichokitangaza mwanahisabati Fortuné Landry mwaka 1880. Hakikisheni kwamba 274,176 ni 256 × 1,071, kisha pandeni ngazi ya mabaki kuanzia 65,536 na mwone kama 2⁶⁴ inaacha −1. Baki la 65,536 mara 65,536 ndilo la kwanza mtakalolihitaji, nalo ni 4,294,967,296 gawanya kwa 274,177, anzeni hapo.